Mtandao Unapozunguka Tu: Maswali ya Watumiaji wa Mtwara na Lindi Kuhusu Msongamano wa Intaneti

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwenye maduka ya simu, maofisini na kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Kilwa Masoko hadi Mangaka. Tumeanza na misingi, tukamalizia na mambo yanayotokea mara chache lakini yanayoumiza. Jambo likishaelezwa mahali pengine, tunakuelekeza kwenye namba ya swali lake.

## Misingi

1. Tunaambiwa "mtandao una msongamano". Maana yake nini hasa?

Kila mnara una kiasi chake cha data unachoweza kupitisha kwa sekunde moja, na wote walio chini yake wanagawana kiasi hicho. Mahitaji yakizidi, data inasubiri kwenye foleni. Ni kama mizani moja ya chama cha msingi wakati korosho zimeiva kijiji kizima: mizani ni nzima na mpimaji hajalala, ila magunia yamefika kwa pamoja.

Tufanye hesabu. 4G yenye masafa ya upana wa MHz 10 hufika takriban Mbps 75 (megabiti kwa sekunde, soma swali la 2), tena kwa nadharia, kwa kila upande wa mnara. Minara mingi ina pande tatu. Watu 75 wakivuta data kwa wakati mmoja kwenye upande mmoja, kila mmoja anabaki na Mbps 1, na hapo hakuna kilichoharibika. YouTube huhitaji kama Mbps 0.7 kwa video ya 360p na Mbps 2.5 kwa 720p. Kwa hiyo mwenye Mbps 1 ataangalia video ya kawaida bila shida, lakini akibonyeza HD itaanza kuzunguka.

2. Mbps na MB ni kitu kimoja?

Hapana. Mbps ni kipimo cha spidi na huhesabiwa kwa biti, wakati MB za bando ni kipimo cha ujazo na huhesabiwa kwa baiti. Baiti moja ni biti 8. Laini yenye Mbps 8 hupakua MB 1 kwa sekunde.

3. Kwa nini saa 11 alfajiri mtandao unakimbia, lakini saa 2 usiku haufungui hata picha?

Kwa sababu saa 11 alfajiri mko wachache. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku watu wamerudi nyumbani, wanaangalia tamthilia, mpira na video fupi, na video ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Makampuni huweka vifaa kwa kukadiria kwamba si wateja wote watavuta kwa pamoja. Bila makadirio hayo bando lingekuwa ghali kupita kiasi, kwa hiyo kukadiria si kosa. Kosa ni kuendelea kuuza laini na vifurushi kwenye eneo ambalo kila jioni makadirio yanafeli, huku mnara ukibaki vilevile.

4. Simu inaonyesha vijiti vya 4G vimejaa. Mbona mtandao haufungui kitu?

Vile vijiti vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara. Havionyeshi idadi ya watu mnaogawana mnara huo, wala hali ya njia inayoutoa mnara kuelekea Dar es Salaam. Mtu anaweza kukaa karibu kabisa na mnara pale Ligula, vijiti vimejaa, na bado akakosa data.

5. Si umbali tu? Mtwara iko mbali na Dar es Salaam.

Tunalisikia hili hata kwa watoa huduma, na halina mashiko. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa faiba ni kama milisekunde 6 tu (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Hata ukiongeza muda wa mnara na mitambo ya njiani, hufiki kwenye sekunde nzima. Ukipima muda wa data kwenda na kurudi alfajiri ukapata milisekunde 40, kisha usiku ukapata 400, umbali haujabadilika. Kilichoongezeka ni kusubiri kwenye foleni.

Umbali una madhara ya aina nyingine: njia ni ndefu, hivyo kuna mahali pengi pa kukatika. Soma swali la 15.

## Foleni inapangwaje

6. Mnara unaamuaje nani ahudumiwe kwanza?

Kwenye 4G, mnara hufanya uamuzi huo kila milisekunde 1, yaani mara 1,000 kwa sekunde. Hugawa masafa vipande vidogo vya kHz 180 na kuamua kila kipande kiende kwa simu ipi. Kanuni inayotumika sana huangalia mambo mawili: nani mawimbi yake ni mazuri sasa hivi, na nani amepata kidogo kwa muda uliopita. Ingeangalia mawimbi peke yake, wa karibu wangemaliza kila kitu. Ingegawa sawasawa bila kuangalia mawimbi, uwezo mwingi ungepotea.

Aliye pembezoni huugharimu mnara zaidi. Kumfikishia MB 1 mtu aliye mbali, ndani ya nyumba ya matofali na bati, kunatumia vipande vingi kuliko kumfikishia aliye barazani karibu na mnara. Ndiyo maana kusogea dirishani hukusaidia wewe na kuwapunguzia kidogo wenzako.

7. Je, kuna data inayotangulizwa kuliko nyingine?

Ipo, na si siri. Kwenye viwango vya 4G kila mkondo wa data hupewa daraja. Daraja la 1 ni la simu za sauti zinazopita kwenye 4G yenyewe, la 5 ni la mawasiliano ya kuziunganisha simu hizo, na la 9 ndilo la kawaida ambako hukaa intaneti ya wengi wetu. Sauti hutengewa kiasi cha uhakika kwa sababu nzuri: haihitaji data nyingi, lakini ikichelewa hata robo sekunde mazungumzo yanaharibika.

Simu ya WhatsApp haiko daraja la 1. Kwa mnara, hiyo ni data kama data nyingine, na ndiyo maana simu ya kawaida inaweza kusikika vizuri wakati ya WhatsApp inakatakata mahali hapohapo, saa hiyohiyo.

Ndani ya mitambo ya kampuni, nje ya mnara, kila pakiti (fungu dogo la data) inaweza kubandikwa alama ya biti 6, yaani alama 64 tofauti, inayoambia mitambo ya njiani itendewe vipi. Utaratibu huo umekuwepo tangu 1998.

8. Ni kweli kwamba mitambo hutupa data makusudi?

Kweli, na ni jambo zuri likifanywa inavyopasa. Foleni ikijaa, pakiti mpya hazina pa kukaa. Zikitupwa, kompyuta iliyozituma inagundua kwamba hazikupokelewa, inapunguza kasi, kisha inazituma upya. Hiyo ndiyo njia ambayo vifaa vyote duniani huelewana kupunguza mwendo bila kuwa na msimamizi mmoja.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Oktoba 1986, huko Marekani, kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mahali palipo mita mia chache tu kati yao, kilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zinatuma upya data bila kupunguza mwendo, foleni ikazidi kujaa. Van Jacobson, aliyekuwa maabara hiyo, alichapisha dawa yake mwaka 1988, na simu yako inatumia uzao wa dawa hiyo hadi leo.

Kuna na ugonjwa wa kinyume: foleni kubwa kupita kiasi. Mitambo na ruta zenye kumbukumbu kubwa huhifadhi pakiti badala ya kuzitupa, data inafika lakini imechelewa sana. Utaujua ugonjwa huu pale mtu mmoja ofisini anapopandisha video, na wengine wote ghafla hawawezi kufungua hata barua pepe. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu iitwayo CoDel, inayotazama pakiti imekaa foleni muda gani badala ya kuhesabu ziko ngapi. Ipo bure kwenye programu za ruta kama OpenWrt.

9. Kampuni inajuaje kama naangalia video au nasoma?

Kurasa nyingi sasa zimefungwa kwa usimbaji, hivyo kampuni haioni maneno wala picha. Lakini mara nyingi inaona jina la tovuti unayoiendea, anwani ya seva, ukubwa wa pakiti na mwendo wake. Mkondo wa video huja kwa mafungu makubwa yenye vituo, simu ya mtandaoni huja kwa pakiti ndogo zisizokoma. Hayo yanatosha kubahatisha vizuri.

10. Kuna namna ya haki ya kuwapunguza wanaovuta sana?

Ipo, na mfano unaosomwa zaidi ulianza vibaya. Mwaka 2007 nchini Marekani, kampuni ya intaneti ya Comcast iligundulika ikikata mawasiliano ya wateja waliotumia BitTorrent, njia ya watu kugawana mafaili makubwa, kwa kutuma pakiti za uongo zilizojifanya zimetoka upande wa pili. Wateja hawakuwa wameambiwa. Mwaka 2008 mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo aliiamuru iache, na hadi mwisho wa mwaka huo ikahamia mfumo mwingine ambao iliuandika wazi.

Mfumo huo mpya haukujali unatumia programu gani. Kwanza uliangalia kama njia yenyewe imekaribia kujaa: asilimia 70 ya uwezo wa kupandisha, au asilimia 80 ya kushusha, kwa kipimo cha dakika 15. Njia ikiwa nyeupe, hakuna aliyeguswa. Ikikaribia kujaa, mteja aliyekuwa ametumia zaidi ya asilimia 70 ya spidi yake kwa dakika hizo alishushwa daraja. Hakukatwa, alipita baada ya wengine. Akishuka chini ya asilimia 50 kwa muda, alirudishwa.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu unajibu maswali ambayo mteja wa Masasi ana haki ya kuyauliza: mnanipunguza lini, kwa kipimo gani, kwa muda gani, na narudi vipi? Kampuni inayojibu hayo inastahili kuaminiwa hata kama spidi yake si kubwa. Na tuseme wazi: kipaumbele hakiongezi hata biti moja kwenye mnara. Kumtanguliza mmoja ni kumchelewesha mwingine, na huyo anayecheleweshwa ana haki ya kujua.

## Vifurushi

11. Nilinunua kifurushi "bila kikomo". Mbona baada ya siku kadhaa spidi imeshuka?

Karibu kila kifurushi cha aina hiyo kina kiwango cha matumizi ya haki. Ukikifikia, data haikatwi lakini spidi inashushwa, wakati mwingine hadi mahali ambapo ujumbe unakwenda na video haiendi. Huu si msongamano. Njia ya kutofautisha ni rahisi: msongamano unapungua alfajiri, lakini spidi iliyoshushwa na kifurushi inabaki ileile usiku na mchana hadi kifurushi kianze upya.

Kabla ya kulipa, uliza: kiwango ni GB ngapi, na baada ya hapo spidi ni ngapi? Omba uandikiwe.

12. Aliyenunua bando la bei kubwa anatangulizwa mnarani?

Mitambo inaruhusu. Kila mteja anaweza kuwekwa daraja kwenye kumbukumbu za kampuni, na mnara ukalifuata. Lakini bando la kawaida la simu linauza ujazo: wa GB 1 na wa GB 20 wamenunua kiasi tofauti, si nafasi tofauti kwenye foleni, isipokuwa masharti yaseme hivyo. Intaneti ya nyumbani na ya ofisi ndiyo huuzwa kwa spidi.

13. Mtandao ukiwa mzito, bando linaisha haraka zaidi?

Kwa kawaida hapana, linakwenda polepole zaidi. Pakiti zinazotumwa upya (swali la 8) zinaweza kuongeza kidogo, ila si za kumaliza bando. Kinachokula ni faili lililokatikia katikati ukalianza upya kutoka sifuri, na video zinazojicheza zenyewe huku ukisubiri kingine. Zima kujicheza, na weka masasisho ya programu yasubiri waifai.

14. Zahanati au ofisi yetu inunue nini?

Uliza laini inagawanywa na wateja wangapi. Laini ya kugawana ni nafuu, na jioni itakwama kama za wengine. Laini ya peke yako ni ghali, lakini mkataba wake huandika spidi ya uhakika, muda wa kurekebisha ikikatika, na fidia. Mkataba usiokuwa na hayo matatu unakuuzia laini ya kugawana kwa jina jingine.

Kwa bajeti ndogo, anza na ruta inayojua kupanga foleni. Iwekee kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya spidi halisi ya laini, ili foleni ikae kwenye ruta yako, unapoweza kuitawala, na siyo kwenye mitambo ya kampuni. Kisha tanguliza mfumo wa kazi mbele ya video.

## Korosho, mvua na umeme

15. Mei 2024 kulitokea nini?

Mambo mawili yalifuatana. Mwanzoni mwa mwezi, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilileta mafuriko kusini na kukata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, Kilwa. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania nzima ilihisi, pamoja na nchi jirani.

Waya ukikatika, data haifi, inahamishiwa njia iliyobaki. Njia hiyo sasa inabeba mzigo wake na wa mwenzake. Siku hizo huduma zilizo na nakala zake hapa nchini zilivumilia zaidi, kwa sababu hazikuhitaji kuvuka bahari kila mtu anapozifungua.

Mvua nayo ina njia yake ya kutuumiza. Minara mingi ya vijijini huungana kwa madishi ya mawimbi badala ya faiba, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya masafa ya juu. Vifaa hushusha spidi ili visipoteze mawasiliano kabisa.

16. Malipo ya korosho yakiingia, hata menyu ya pesa kwenye simu inakataa. Bando nimeweka!

Bando halihusiki. Menyu ya nyota na reli haipiti kwenye data. Hupita kwenye njia ndogo ya mawasiliano ya ndani ya mtandao, ileile inayotumika kuanzisha simu na kupeleka meseji. Malipo yakitoka kwa wakulima wa Tandahimba, Newala au Ruangwa siku moja, maelfu wanaangalia salio, wanarusha ada na kutoa kwa wakala, wote ndani ya saa chache. Njia hiyo inajaa, au seva ya pesa upande wa pili inazidiwa.

Kurudiarudia kubonyeza kunazidisha foleni. Subiri dakika kadhaa, au tumia programu ya kampuni kama data inafunguka. Ila muamala ukikatikia baada ya kuingiza namba ya siri, angalia salio kwanza kabla ya kurudia. Wapo waliolipa mara mbili.

17. Umeme ukikatika, mtandao unakuwa mzito kabla haujapotea. Kwa nini?

Mnara unahamia kwenye betri au jenereta, na baadhi hupangwa kuzima sehemu ya masafa ili betri idumu. Jirani yake ukizima kabisa, simu zake zote zinahamia kwenye uliobaki.

18. Siku ya matokeo ya NECTA tovuti haifunguki. Nilaumu laini?

Jaribu kufungua tovuti nyingine. Zikifunguka, seva ya matokeo ndiyo iliyozidiwa na kubadilisha laini hakutasaidia.

19. Kwenye maafa makubwa, nani hubaki na mtandao?

Viwango vya simu vimelifikiria hili zamani. Kila laini ya kawaida ina daraja la kuingia kati ya 0 na 9, na madaraja 11 hadi 15 yametengwa kwa matumizi maalumu, yakiwamo vyombo vya usalama na huduma za dharura. Mtandao ukizidiwa, kampuni inaweza kuzuia laini za kawaida zisiingie kwa zamu huku za madaraja hayo zikiendelea. Namba ya dharura, 112 kwetu, hutendewa tofauti na simu nyingine.

## Kupima na kulalamika

20. Nitajuaje tatizo ni la kampuni na si la kwangu?

Pima saa 11 alfajiri na saa 3 usiku, mahali palepale, simu ileile. Alfajiri nzuri na usiku mbaya ni msongamano. Mbaya saa zote ni mawimbi, kifurushi (swali la 11) au simu yenyewe. Kisha weka laini ya kampuni nyingine kwenye simu hiyohiyo. Kama unatumia waifai, pima ukiwa karibu na ruta na wengine wote wametoka.

21. VPN itanisaidia?

VPN ni programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine ikiwa imefungwa. Kama spidi inashushwa kwa aina fulani ya tovuti, inaweza, kwa sababu inaficha unakokwenda. Kama mnara umejaa, haisaidii kitu, na inaongeza safari.

22. Nilalamike wapi?

Anza na kampuni yako na upewe namba ya malalamiko. Usiporidhika, peleka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayosimamia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na Kanuni za Ubora wa Huduma za mwaka 2018. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosimama upande wa mteja.

"Mtandao mbovu" ni malalamiko rahisi kuyatupa. Andika tarehe, saa, mtaa au kijiji, aina ya kifurushi, na picha za skrini za vipimo vya alfajiri na usiku kwa wiki moja. Majirani kumi wa Chuno wakileta vipimo vya mnara mmoja, fundi hawezi tena kusema ni simu zenu.

23. Kijiji chetu kimepata mnara mpya wa 4G. Mbona data bado nzito?

Mnara ni nusu tu ya kazi. Mara nyingi mnara wa kijijini hupeleka data kwa dishi hadi mnara mwingine, ule unapeleka kwa mwingine, hadi ufike mahali penye faiba. Kama dishi la mwisho kabla ya faiba linabeba minara mitano, kuongeza wa sita kunaleta vijiti vingi na spidi ileile. Siku kampuni itakapokuja kwenye mkutano wa kijiji kutangaza mnara, waulizeni umeunganishwa kwa kitu gani kuelekea nje, dishi au faiba, unashirikiana njia hiyo na minara mingapi, na faiba inatarajiwa kufika lini.